Miaka 30 jela, halafu nini?

Inapotangazwa kwamba mtu amefungwa miaka 30 kwa kuvamia duka na panga, au kwa kumbaka binti wa jirani, kijiji kizima hupumua. Ameondoka. Wengi huona miaka 30 ni kama milele, na wapo wanaosema hata hiyo ni michache. Lakini miaka 30 ina mwisho wake. Siku moja basi litasimama Ikungi, Itigi au Misigiri, atashuka mtu mwenye mvi na mfuko mmoja mkononi, naye ataanza kutembea kuelekea kijiji alichokiacha akiwa kijana.

Makala haya yanaangalia maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza: je, adhabu kali inapunguza uhalifu wa kutumia nguvu? La pili: je, mtu aliyeua, aliyepora au aliyebaka anaweza kubadilika? Majibu yake yanagusa usalama wa vijiji vyetu moja kwa moja. Sheria zetu zimeuandika kwa makini mlango wa kuingilia gerezani. Mlango wa kutokea, hasa kwa watu tunaowaogopa zaidi, umeachwa bila mlinzi.

Sheria inasema nini

Kwa makosa mengi, hakimu au jaji wa Tanzania ana nafasi ya kupima. Anatazama kosa lilivyotendeka, umri wa mkosaji, kama ni mara yake ya kwanza, kisha anachagua adhabu. Lakini kwa makosa makubwa ya kutumia nguvu, Bunge limeiondoa au kuibana nafasi hiyo.

Mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu inataja adhabu moja tu, nayo ni kunyongwa hadi kufa. Jaji hana ya kuchagua, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito na kwa aliyetenda kosa akiwa hajatimiza miaka 18. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na viboko vinaweza kuongezwa. Ubakaji, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, nao una kifungo kisichopungua miaka 30. Kama aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha.

Kuua bila kukusudia ni tofauti. Hapo kifungo cha maisha ndicho kikomo cha juu, na jaji anaweza kushuka chini ya hapo kulingana na mazingira. Ndiyo maana watu wawili waliosababisha kifo, mmoja kwa ugomvi wa kilabuni na mwingine kwa kumvizia mwenzake njiani, wanaweza kupata adhabu zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Adhabu ya kifo nayo ina hali yake ya pekee. Ipo kwenye vitabu na majaji wanaendelea kuitoa, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Septemba 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba yeye hatasaini hati ya kumnyonga mtu. Kwa hiyo anayehukumiwa kunyongwa anaishi gerezani miaka na miaka akisubiri siku isiyofika. Waathirika wanaambiwa ameuawa na sheria, ilhali yu hai. Yeye mwenyewe hajui kama amefungwa maisha au anasubiri kitanzi.

Hoja hii ilianzia jirani kabisa na Singida. Mwaka 1994, katika kesi iliyosikilizwa na Mahakama Kuu Dodoma, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba, akawapa wauaji wawili kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma, na kwamba kuifuta au kuibakiza ni uamuzi wa jamii yenyewe. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira kunavunja haki ya kuishi. Kenya iliiondoa lazima hiyo kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu Desemba 2017, na Uganda Januari 2009.

Ukali huu haukuanza jana

Wazee wanakumbuka sheria ya adhabu za lazima ya 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Kwa makosa yaliyotajwa humo, ikiwemo wizi wa mifugo na rushwa, mkosaji alipata kifungo cha lazima pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Vile vya kutoka, watu walisema, ni vya kwenda kumwonyesha mkewe.

Ni vigumu kupata adhabu ya aibu kuliko hiyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na unyang'anyi vilikuwa vimewachosha wafugaji wa Unyamwezi na Usukuma kiasi kwamba waliunda sungusungu. Walikuwa na mbiu, mishale na filimbi, na mtindo huo ukasambaa hadi mikoa mingine. Sheria ya wizi wa mifugo ilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kumkamata mwizi usiku uleule. Sungusungu walileta usalama mahali pengi, na wakati huohuo waliwapiga na kuwaua watu ambao hakuna mahakama iliyowasikiliza, wakiwemo wanawake wazee waliotuhumiwa kwa uchawi. Mwaka 1989 sheria ikawatambua kama sehemu ya mgambo.

Hapa Singida tuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1940 Unyaturu ulitikiswa na mauaji ambayo mwanzoni yalidhaniwa ni ya simba. Baadaye ilibainika kwamba wengi waliuawa na binadamu waliojifanya simba. Watu wengi walikamatwa, na baadhi wakahukumiwa kunyongwa na serikali ya kikoloni. Kitanzi kilikuwa tayari katika sheria tangu mwanzo, lakini hakikuwa na maana yoyote wakati vifo vilipoandikwa kwa jina la simba. Kilianza kuwa na maana pale uchunguzi ulipofika kwa watu.

Kinachomtisha mhalifu

Watafiti wa nchi nyingi wamelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, na wanakubaliana kwa sehemu kubwa. Uhakika wa kukamatwa humzuia mtu kuliko urefu wa kifungo. Mwaka 2014 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilipitia tafiti za nchi hiyo, ambayo ni miongoni mwa zinazofunga watu wengi zaidi duniani, na likahitimisha kwamba kurefusha vifungo ambavyo tayari ni virefu kunaongeza hofu kidogo sana.

Sababu yake haihitaji shule. Kijana anayepanga kuvamia duka la vitunguu usiku hakai chini kulinganisha miaka 20 na miaka 30. Anajiuliza kama kuna mtu atamwona, kama polisi watafika, kama mwenye duka atamtaja. Akiamini hatakamatwa, hata miaka 100 haimgusi. Na anayechomoa kisu akiwa amelewa hapigi hesabu yoyote.

Ukeketaji unatufundisha jambo hilohilo, na mkoa wetu ni miongoni mwa ile ambako umedumu kwa muda mrefu. Sheria ya 1998 iliweka kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake. Ukeketaji umepungua nchini: tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, wakafika asilimia 8 mwaka 2022. Lakini katika Singida na Dodoma familia nyingi zilijibu sheria kwa kuihamisha siku. Badala ya msichana mkubwa aliyechezewa ngoma, sasa anakeketwa kichanga, kimyakimya, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa. Pale mtoto asipoweza kusema na jirani asipojua, hofu ya sheria huyeyuka.

Kuna madhara mengine ya adhabu kali ambayo kila mtendaji wa kijiji anayajua. Adhabu inapokuwa moja tu, na nzito, mashahidi huanza kukimbia. Binti wa miaka 17 amepata mimba, na mhusika ni kijana wa ukoo wa karibu. Wazee wanajua kwamba kesi ikifika mwisho ni miaka 30. Wanakaa usiku, wanataja ng'ombe na fedha, na siku ya kesi binti hafiki mahakamani au anasema hamkumbuki mtu. Kijana anaachiwa. Hakupata miaka 30, na hata miaka 5 hakupata. Adhabu iliyokusudiwa kumlinda binti imezalisha mapatano ya kumnyamazisha. Na kama mhusika ni mtu mzima mwenye mali na tabia ya kuwinda watoto, mapatano hayo yamemwacha huru amtafute mwingine.

Hii haina maana kwamba ubakaji uonewe huruma. Maana yake ni kwamba miaka 30 kwenye karatasi, bila shahidi anayelindwa na upelelezi unaokamilika, inaweza kuwa sifuri kwa vitendo.

Je, mtu wa namna hii hubadilika?

Tuje kwenye swali gumu. Mama ambaye mtoto wake amebakwa hataki kusikia habari za kubadilika, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha. Lakini kijiji kinahitaji kujua ukweli, kwa sababu mtu huyo anaweza kurudi.

Jambo la kwanza linalojulikana vizuri ni umri. Uhalifu wa kutumia nguvu, karibu kila nchi ulikopimwa, ni kazi ya vijana wa kiume. Hupanda kuanzia ujana, hufikia kilele kabla au karibu na miaka 25, kisha hushuka kadiri mtu anavyozeeka. Mtu wa miaka 50 aliyepora akiwa na miaka 22 si mtu yuleyule hata kwa mwili. Si kila mmoja, lakini wengi. Ndiyo maana miaka ya mwisho ya kifungo kirefu sana huwa inamfunga mzee kwa ajili ya hatari ya kijana.

Jambo la pili ni kwamba kubadilika kunaweza kusaidiwa. Afrika ina ushahidi wake. Jijini Monrovia, Liberia, watafiti waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, uporaji na dawa za kulevya, baadhi yao wapiganaji wa zamani wa vita vya nchi hiyo. Kwa kura, wengine walipewa mafunzo ya wiki nane ya kudhibiti hasira, kupanga maisha na kujiona kama watu wa kawaida wa jamii. Wengine walipewa dola 200 za kuanzia maisha, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika kwa kudumu. Walipotafutwa tena baada ya miaka 10, makosa na ukatili wao ulikuwa umepungua kwa karibu nusu ukilinganisha na wasiopata kitu. Waliopata mafunzo peke yake, au fedha peke yake, hawakufika hapo. Mtu anahitaji kichwa kipya na pia njia ya kula.

Jirani zetu Rwanda walikabiliwa na swali hili kwa ukubwa ambao hakuna nchi nyingine ya kanda hii imewahi kuuona. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mahakama za gacaca zilishughulikia kesi karibu milioni mbili hadi zilipofungwa Juni 2012. Waliokiri, wakasema walikozika miili na kuomba msamaha, walipunguziwa adhabu, na wengi walitumikia sehemu yake kwa kazi za jamii: kujenga nyumba, kuchimba matuta, kutengeneza barabara. Mwaka 2007 nchi hiyo ilifuta adhabu ya kifo. Leo wako wauaji waliorudi na kuishi kilima kimoja na familia za waliowaua, na katika wilaya ya Bugesera kuna kijiji cha maridhiano, Mbyo, ambako wanaishi nyumba kwa nyumba. Rwanda haikuponya kila kidonda. Wapo walionusurika wanaosema walilazimika kuvumilia tu, na wapo waliokiri kwa mdomo bila moyo. Lakini nchi hiyo ilipanga siku ya kurudi kwa wafungwa wake mapema, kwa sheria, na waathirika wakiwepo.

Nchini Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002 kwa kumuua mwenzi wake, kosa ambalo amelikana siku zote. Kesi yake na wenzake zaidi ya 400 ndiyo iliyoondoa lazima ya adhabu ya kifo nchini humo. Alisikilizwa upya, akapewa kifungo cha miaka, akasoma sheria akiwa gereza la Luzira kupitia Chuo Kikuu cha London, na Januari 2016 akatoka. Kama kitanzi kingetumika kwa haraka, hakuna ambaye angejua aliyekuwa na uwezo wa kuwa.

Wapo pia wasiobadilika. Kuna wanaotoka leo na kurudia kesho, na kuna wenye kuwinda watoto ambao hatari yao haiishi kwa kuota mvi. Hakuna daktari wala mchungaji anayeweza kumtazama mtu usoni na kusema kwa uhakika kwamba huyu amepona. Hiyo ndiyo sababu ya kumpima mtu mara nyingi, kwa miaka, na watu zaidi ya mmoja, badala ya kumfungulia mlango siku moja kwa sababu tarehe imefika.

Mlango wa kutokea

Hapa ndipo kuna tatizo ambalo halizungumzwi sana. Tanzania ina njia kadhaa za mfungwa kutoka kabla ya muda. Sheria ya Magereza ya 1967 inaruhusu kupunguziwa hadi theluthi moja ya kifungo kwa anayefanya kazi na kuwa na mwenendo mzuri. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu wenye vifungo visivyozidi miaka mitatu kutumikia adhabu nje. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe. Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan 5,001 siku ya Muungano mwaka 2021. Misamaha ya namna hii kwa kawaida huwatenga wa makosa ya kutumia nguvu.

Si mara zote, hata hivyo. Tarehe 9 Desemba 2017, akiwa Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe pia wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, pamoja na wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Wenyewe walikana siku zote, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ilisema baadhi ya haki zao za kusikilizwa zilivunjwa. Wapo walioshangilia msamaha ule na wapo walioumia. Kwa vyovyote vile, msamaha wa Rais ni kalamu ya mtu mmoja. Haulazimiki kumuuliza aliyeumizwa, wala haumpangii anayetoka mtu wa kumfuatilia.

Kisha kuna parole. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inaruhusu mfungwa wa muda mrefu, baada ya kutumikia theluthi ya kifungo, kumalizia sehemu iliyobaki akiwa kijijini chini ya masharti na uangalizi. Akivunja masharti, anarudishwa ndani. Bodi inachunguza mwenendo wake gerezani na mazingira anayoyarudia. Ni njia nzuri. Lakini sheria hiyo inawatenga, miongoni mwa wengine, wafungwa wa kifungo cha maisha na wale wa unyang'anyi wa kutumia silaha.

Nia ya kuwatenga inaeleweka: ni watu hatari, wasipewe upendeleo. Sasa tazama matokeo kwa mfano wa kubuni. Vijana wawili wanafungwa siku moja. Wa kwanza aliua bila kukusudia, akapata miaka 12. Anaweza kutoka kwa parole, akaripoti kwa msimamizi, akafuatiliwa hadi muda uishe. Wa pili alipora kwa silaha akiwa na miaka 25, akapata miaka 30. Akipata punguzo lote la theluthi, anatoka na miaka 45. Asipolipata, anatoka na miaka 55. Siku hiyo hana sharti lolote. Hakuna wa kumwuliza analala wapi, anakula nini, anakutana na nani. Wazazi wamekufa, shamba lina mtu mwingine, na simu aliyoiacha ya kubonyeza hata mnara wake haupo.

Yaani tumempa uangalizi yule tunayemwogopa kidogo, na tumemnyima yule tunayemwogopa sana. Tulidhani parole ni zawadi, tukamnyima jambazi. Parole ni kamba pia, na tumeikata.

Magereza yenyewe yanafanya kazi ambayo wengi hawaijui. Gereza la Karanga, Moshi, lina kiwanda cha viatu, Ukonga kuna useremala, na magereza mengi ya mikoani yana mashamba. Ufundi huo una thamani. Lakini fundi viatu anayerudi kijijini bila nyundo, bila mtaji na bila mtu wa kumwamini, amerudi na mikono mitupu, kama yule wa Monrovia aliyepata mafunzo akakosa dola 200.

Aliyeumizwa yuko wapi?

Katika mabishano kati ya "wanyongwe" na "wasamehewe", mara nyingi anasahauliwa yule aliyeumizwa. Sheria ya ubakaji inaitaka mahakama kuamuru fidia kwa aliyebakwa. Lakini mfungwa asiye na mali halipi, na amri hubaki kwenye jalada. Mwenye duka aliyekatwa mkono hukumu ilipotoka alisifiwa kwa ushahidi wake, kisha akarudi nyumbani kujiuguza kwa fedha zake. Miaka baadaye anaweza kukutana na aliyemkata mnadani, bila mtu kumwambia kwamba ametoka.

Hofu hiyo ndiyo huzaa mambo mabaya zaidi. Watu wasipoamini kwamba mkosaji atafuatiliwa, wanachukua sheria mkononi. Kila mwaka vyombo vya habari huripoti watu waliouawa na "wananchi wenye hasira kali", na baadhi yao baadaye hugundulika hawakuwa wezi. Waliompiga nao ni wauaji mbele ya sheria, ingawa jana walikuwa wakulima wa alizeti.

Nini kinaweza kubadilika

Mjadala wa haki jinai uko wazi nchini. Mwaka 2023 Rais Samia aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza taasisi zote za haki jinai, nayo ikakabidhi ripoti yake Julai mwaka huo. Sheria hubadilishwa na Bunge, na wabunge wa Singida wanakuja vijijini kuomba kura. Wanaweza kuulizwa mambo matatu.

Kwanza, kwa nini jambazi wa miaka 30 asitumikie miaka yake mitatu au minne ya mwisho nje, chini ya masharti makali, akiripoti kwa ofisa wa uangalizi na uongozi wa kata, akijua kwamba akikosea anarudi ndani? Huo si upole. Ni miaka mitatu ya kumjua kabla hajawa huru kabisa.

Pili, kwa nini aliyeumizwa asijulishwe kabla mkosaji wake hajatoka, na asikilizwe kuhusu masharti: mtu huyu asikaribie nyumba hii, asiishi kitongoji hiki, asifanye kazi karibu na watoto?

Tatu, kwa nini jaji asipewe nafasi ya kutofautisha kijana wa miaka 19 na rafiki yake wa miaka 17 kwa upande mmoja, na mtu mzima aliyembaka mtoto kwa upande mwingine? Adhabu inayolingana na kosa hupata mashahidi. Inayopita kiasi huwapoteza, na mbakaji wa kweli hunufaika.

Kuna yasiyosubiri Bunge. Mtu akishambuliwa, polisi wapigiwe 112, na ukatili dhidi ya mtoto uripotiwe 116, simu zote mbili ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea kesi za ubakaji. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla ya kwenda hospitali, na asikawie, kwa sababu ushahidi huo ndio huikamilisha kesi, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Wazee wanaoombwa kusuluhisha kesi ya ubakaji kwa ng'ombe wajue kwamba wanalinda hatari ibaki kijijini. Na anapotoka mfungwa, mwenyekiti wa kitongoji anayekwenda kumjua siku ya kwanza, akamwuliza atalima wapi na atalala kwa nani, anafanya kazi ya usalama kuliko anayesubiri wizi utokee ndipo amtaje.

Huyo wa basi la Misigiri atakuja, tupende tusipende. Hakimu alishamwandikia miaka, na miaka imekwisha. Swali la nani atakuwa akimsimamia asubuhi itakayofuata bado halijaandikwa popote, na linaweza kuandikwa sasa, wakati wengi wao bado wako ndani.